Naomba ushauri: kikundi cha waliopata kiharusi na tunaowauguza, tuanzie wapi?

BintiWaPongwe
Wakuu, habari zenu. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia ukapooza na maneno yakapotea. Anaelewa kila unachomwambia, ila akitaka kusema "maji" linatoka "mlango", halafu analia kwa hasira. Tunaishi Pongwe, Tanga. Kaka zangu wanatuma hela ya dawa, kumuuguza ni juu yangu. Genge langu la mboga nimelifunga.

Siku ya kliniki ya presha na sukari huwa nakaa benchi moja na wenzangu wanaouguza. Pale nimejifunza mengi. Mama mmoja kanionyesha kumvisha mgonjwa gauni kwa kutanguliza mkono uliopooza, na kuuvua wa mwisho. Mwingine kaniambia uji mwembamba ndio unaompalia, niukoroge uwe mzito na mama akae wima anapokunywa. Kisha tunaitwa namba, kila mtu anashika njia yake.

Nataka tuwe kikundi, tukutane Jumamosi. Je, wagonjwa na sisi tunaouguza tukae pamoja au mbalimbali? Tuchangishane hela? Na majirani wanaosema mama karogwa, niwafanyeje?

DerevaWaTunduma
Pole sana na kuuguza, binti yangu. Nilikuwa dereva wa lori, kiharusi kikaniangusha nikiwa nyumbani Mbeya. Naandika kwa kidole cha mkono wa kushoto, wa kulia bado haujarudi sawasawa.

Hospitali walinitibu vizuri na kuniambia nitatembea. Sikuamini. Halafu akaja mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, naye kiharusi kilishampata zamani. Aliingia na mkongojo wake, akakaa kitandani kwangu, akafungua vifungo vya shati lake kwa mkono mmoja, akavifunga tena. Hakunihubiria chochote. Kesho yake nikamwambia mke wangu aniletee shati.

Kwa hiyo kikundi chako kisiwe cha kusikiliza wataalamu tu. Mtafute mgonjwa aliyetangulia, hata kama anachechemea, umweke mbele ya aliyeanguka juzi.

Kuhusu kukaa: anzeni pamoja, kunyweni chai, kisha mgawanyike walau saa moja. Mbele yangu mke wangu hakuweza kusema kwamba mgongo unamuuma kwa kuninyanyua na usiku halali. Na mimi mbele yake nisingeweza kusema kwamba kuogeshwa na binti yangu kuliniumiza kuliko mguu, na kuna siku nilitamani nife. Niliyasema kwa wenzangu, wakaniambia nao yaliwapata. Mmoja wao akanipeleka kwa daktari kwa ajili ya ile huzuni, nikatibiwa. Ukiona mama hali, halali, hataki kuinuliwa, usidhani ni ukaidi.

Waliopoteza maneno msiwamalizie sentensi. Waulizeni maswali ya ndiyo na hapana, wekeni picha za vitu mezani, mngoje. Sisi tuna mzee hawezi kutaja jina la mkewe, lakini tukianza Baba Yetu anaisali yote mpaka amina. Mjaribu mama kwa dua anayoijua tangu utotoni.

FizioMoro
Dada, wazo zuri sana. Wala msidhani mko wachache. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri (ili sehemu yenye wazee wengi na yenye vijana wengi zilinganishwe kwa haki), wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka upande wa Dar, na 109 Hai.

Ombi langu kubwa: msigawane vidonge. Kuna kiharusi cha damu kuganda na kuna cha mshipa kupasuka, na kipimo cha picha ya kichwa ndicho kinachotofautisha. Aspirini inayomsaidia mmoja inaweza kumdhuru mwenzake. Mwombeni nesi aje na mashine ya presha.

Msimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea, bega linatoka mahali pake. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2. Na kila mmoja ajue dalili: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Hapo ni hospitali mara moja, hata kama dalili zimepita. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ilipo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

MamaFundi_Kibaha
Mimi namuuguza mume wangu. Hela: msianze na mikopo kama kikoba, itawagombanisha kabla hamjazoeana. Sisi tunachanga kidogo tu, ya bajaji ya wasioweza kutembea. Bila bajaji mtabaki ninyi wenye miguu mnaongea juu ya wasio nayo.

Majirani waalike, usibishane nao. Kwetu jirani aliyevuma kwa kusema "karogwa" alipimwa presha, ikakutwa juu. Sasa anakuja kila tukikutana na dawa anameza.

BintiWaPongwe
Nawashukuru mno. Baba wa Tunduma, jana baada ya magharibi nilimwanzishia mama Alhamdu. Kaisoma mpaka mwisho, na dada yangu alikuwa anasikiliza kwenye simu.

Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri, uani kwetu. Mliopo Pongwe, Maweni na Kange, njooni na wagonjwa wenu. Asiyeweza kutoka aniandikie faragha, bajaji itamfuata.

DerevaWaTunduma
Azima viti vya mbao vyenye mikono, binti. Vya plastiki vinateleza mtu akijiegemeza kuinuka. Na choo kiwe karibu, njia yake isiwe na ngazi.