Ubingwa unabadilisha vipi heshima ya mchezaji?

Kiungo8
Wakuu habari za saa hizi. Kuna kitu kinanisumbua kila nikifuatilia ubishi wa nani mkali zaidi. Mtu anacheza miaka kibao kwa kiwango cha juu, anafunga, anatengeneza, kila mwenye macho anakubali huyu anajua mpira, halafu anatokea mmoja anauliza "kwani kabeba nini?" na ubishi unaishia hapo. Mfano Harry Kane, mfungaji bora wa muda wote wa England na wa Tottenham pia, kapoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, kapoteza fainali ya Euro 2020 na ya Euro 2024, na mpaka anachukua Bundesliga na Bayern 2025 watu walikuwa wanamuongelea kama vile ana ugonjwa. Ile ligi haikumfundisha kupiga mpira, alikuwa anajua tangu zamani. Sasa kombe linaongeza nini hasa kwenye jina la mtu? Tujadili kwa hoja tafadhali, matusi hapana.

BekiTatu
Mkuu mimi naona kombe haliongezi kipaji, linabadilisha namna tunavyosimulia yale aliyofeli nyuma. Mchukue Messi. 2014 kafungwa fainali ya kombe la dunia na Ujerumani, 2015 kafungwa na Chile kwa penati fainali ya Copa América (kombe la mataifa ya Amerika Kusini), 2016 Chile tena na safari hii penati yake mwenyewe akaipaisha, akatangaza anaacha timu ya taifa. Kipindi kile hizo fainali tatu zilikuwa ushahidi dhidi yake, et Argentina hana moyo, et bila Barcelona si kitu. Akaja kuchukua Copa América 2021 pale Maracanã mbele ya Brazil, 2022 akabeba kombe la dunia Qatar, na leo ukisikia mtu anazitaja zile fainali anazitaja kama safari ndefu ya mateso kabla ya kufika. Mechi ni zilezile, matokeo ni yaleyale, hakuna bao hata moja lililobadilika.

Na ukumbuke 2022 dakika za mwisho kabisa za nyongeza ikiwa 3-3 Kolo Muani wa Ufaransa alibaki yeye na kipa wa Argentina, Emiliano Martínez, akazuia kwa mguu. Mpira ule ungeingia Messi anabaki na mabao yake mawili ya fainali lakini tunamuhesabu kama mtu aliyekosa tena. Yani heshima ya mtu mmoja ilikuwa kwenye mguu wa mtu mwingine, na hilo linaniuma kwa niaba ya wote ambao kipa wao hakuwahi.

Nyavu_Zinatikisika
Nakubali nusu tu. Mbona wapo waliokosa na majina yao ni makubwa kuliko waliowafunga? Cruyff wa Uholanzi alipoteza fainali ya kombe la dunia 1974, Puskás na Hungary yao walipoteza ya 1954 kwa Ujerumani Magharibi ileile waliyoichapa 8-3 kwenye makundi, Brazil ya Zico na Sócrates 1982 hata nusu fainali haikufika, Rossi wa Italia kawapiga tatu peke yake. Mpaka leo wanatajwa kwa heshima. Halafu Stéphane Guivarc'h alianza fainali ya 1998 kama straika wa Ufaransa, ana medali ya bingwa wa dunia, mashindano yote hakufunga hata bao moja, nani anamtaja? Kwa hiyo medali peke yake haitoshi, watu wanataka kujua wewe ulifanya nini siku ile.

Ila tuwe wakweli, Cruyff alikuwa na makombe matatu ya Ulaya na Ajax, hakuwa mikono mitupu. Mtu ambaye hana kabisa kabisa ndo anapata shida.

Winga_wa_Kushoto
Mimi nataka tumuangalie Drogba maana mwaka mmoja tu unatosha kuelezea hii mada yote. Februari 2012, fainali ya AFCON (kombe la mataifa ya Afrika) dhidi ya Zambia, anapata penati kipindi cha pili anaipaisha, Ivory Coast wanapoteza kwa mikwaju. Mei mwaka huohuo yuko Munich na Chelsea, Bayern wanaongoza, dakika ya 88 anasawazisha kwa kichwa, halafu muda wa nyongeza anamchezea rafu Ribéry ndani ya boksi, penati! Robben anapiga, Čech anadaka. Mwisho wa siku Drogba ndo anapiga mkwaju wa ubingwa. Robben angefunga ile, Drogba angekumbukwa kama aliyetoa penati iliyowamaliza. Na Ivory Coast wakaja kuchukua AFCON 2015 yeye akiwa ameshaachana na timu ya taifa, inauma sana bana.

Mané naye vilevile, fainali na Misri Februari 2022 alikosa penati mapemaaa, na baadae yeyeyule akafunga mkwaju uliowapa Senegal AFCON yao ya kwanza kabisa. Upande wa pili Salah alipangwa apige wa tano, zamu yake haikufika, na lawama alizipata za kutosha. Mtu analaumiwa kwa mpira ambao hakuugusa.

Kiungo8
Winga umenipa kitu hapo. Sasa mabeki na makipa je? Maldini ana Ligi ya Mabingwa tano ila na Italia hana kitu, waliobeba kombe la dunia 2006 yeye alishaondoka. Buffon alibeba hiyo 2006 ila Ligi ya Mabingwa kapoteza fainali tatu. Mbona hawa hawasumbuliwi kama Kane?

BekiTatu
Kwa sababu kila mmoja ana lake kubwa, na kwa sababu straika tunamhesabu kwa kitu kimoja, kumaliza. Kipa anaweza kufungwa fainali na bado ukasema alitubeba mpaka pale. Straika asipofunga siku ya fainali hakuna anayeangalia alivyowafikisha. Kane fainali ya Euro 2024 dhidi ya Hispania alitolewa na kocha wake dakika ya 61, ukitaka kumhukumu mhukumu kwa dakika alizocheza na alichofanya humo, kabati la makombe liache kwanza.

Winga_wa_Kushoto
Na Di María wa Argentina je? Kafunga fainali ya Olimpiki 2008, ya Copa 2021, ya kombe la dunia 2022, na ile ya 2014 alikuwa majeruhi hakucheza. Kwenye mijadala ya wakali wa kizazi chake mnamuweka namba ngapi?

Nyavu_Zinatikisika
Juu zaidi ya anapowekwa. Tena sana.