Bonasi ya bosi wa benki: ni jasho lake au ni riba ya serikali?

Mwalimu_Umoja
Wadau, hamjambo. Nina hisa chache za benki moja hapa Nairobi, jina naliweka kando. Ripoti ya mwaka ilipofika kwenye barua pepe nilikimbilia kurasa za malipo ya wakurugenzi. Zile picha za wanaopanda miti nitaziangalia siku nyingine. Gawio letu limebaki palepale. Bonasi ya afisa mkuu mtendaji imepanda, na sababu iliyotolewa ni kwamba malengo yametimizwa. Malengo gani? Kimya.

Kwenye mkutano mkuu wa mtandaoni nilituma swali, wakalijumlisha na mengine kumi wakajibu hewa. Enzi zile za kukutana ana kwa ana ungeshika maikrofoni, halafu urudi nyumbani na mwavuli wa kampuni.

Sipingi bosi kulipwa kulingana na matokeo. Ila mwaka 2024 riba ya hati za hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, ilikaribia asilimia 16. Benki iliikopesha serikali, ikakaa ikisubiri faida. Hapo bosi katoka jasho gani?

Mhasibu_SouthB
Mwalimu, umegusa penyewe. Kamati ya malipo ya bodi ndiyo huweka vigezo: faida, mikopo isiyolipika, malalamiko ya wateja. Faida ndiyo hupewa uzito mkubwa. Ningekuwa mimi, ningempima dhidi ya benki nyingine. Zikipanda zote, yeye kaongeza nini?

Uingereza walipata somo hilo kwa Persimmon, kampuni ya kujenga nyumba. Mpango wa bonasi uliwekwa 2012 bila kikomo; mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwasaidia watu kununua nyumba mpya, hisa zikapaa. Mkuu wake, Jeff Fairburn, akaondoka 2018 na takriban pauni milioni 75, tena baada ya kupunguziwa.

Teller_Mstaafu
Nyinyi mnaangalia juu, mimi nilikuwa kaunta. Lengo la bosi hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa binti wa dirisha la tatu, anayeambiwa kila mteja aondoke na kadi, hata mama aliyekuja kutoa mia tano tu. Marekani, mwaka 2016, benki ya Wells Fargo ilibainika kuwa na takriban akaunti milioni 2 zilizoshukiwa kufunguliwa bila idhini ya wateja. Wafanyakazi walikuwa wakikimbizana na shabaha za mauzo. Mkuu wao, John Stumpf, alipoteza hisa za dola milioni 41 ambazo hakuwa amekabidhiwa bado. Kwa hiyo bonasi icheleweshwe, miaka mitatu hivi, ili iweze kuzuiwa uozo ukijitokeza.

Wakili_Mdogo
Sheria ya Makampuni ya 2015 inazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa kutayarisha ripoti ya malipo ya wakurugenzi, na wanahisa huipigia kura. Mwalimu, ulipiga?

Mwalimu_Umoja
Nilipiga, kwa simu, nikasema hapana. Ikapita kama maji, maana wenye hisa kubwa ndio hao hao walio kwenye bodi. @Mhasibu_SouthB, hilo la kulinganisha nimelipenda. Safari hii namwandikia katibu wa kampuni kabla ya mkutano, nimuulize walimpima dhidi ya benki zipi. Nakala naileta hapa mnikosoe kabla sijaituma.