Sanamu ya jiwe aliyoniachia mama

Wakuu, salaam kutoka Kirumba. Marehemu mama ameniachia sanamu ya mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni, kimo kama shubiri moja, jiwe la rangi ya maziwa lenye mishipa ya waridi. Sikio limebanduka. Naitunzaje, na thamani yake naijuaje? Siiuzi, nataka tu kujua nilichonacho.

— Pole kwa msiba, dada. Kwaruza kidogo kwa ukucha chini ya kitako. Ukitoka unga laini kama poda, ni jiwe la sabuni, pengine la Tabaka, kule Kisii. Ukucha ukishindwa, huenda ni serpentini, jiwe wanalolichonga sana Zimbabwe. Hapohapo tafuta sahihi. Jina la mchongaji huweza kupandisha bei kuliko ukubwa.

— Naomba usiisugue kwa stilwaya! Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Na gundi ya fundi viatu isiguse hilo sikio. Kipande kitunze tu.

— Asanteni. Nimeigeuza sasa hivi: unga umetoka, na kuna herufi mbili zimechongwa. Kipande cha sikio kipo, mama alikiweka kwenye kopo lake la hina.