Patchwork: barua za viraka zinafika, tovuti tupu

mlinzi_wa_seva: Wakuu, nimesimika upya Patchwork (tovuti ya kufuatilia viraka, yaani mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kwa barua pepe). Postfix (seva ya barua) inapeleka barua kwenye parsemail.sh, skripti ya Patchwork ya kuzisoma, lakini ukurasa wa mradi hauna kiraka hata kimoja. Nianzie wapi? Na nikirekebisha msimbo wenyewe, maelezo ya mabadiliko kwa ajili ya toleo yanakaa wapi?

kiraka7: Anza na List-Id, kichwa cha barua kinachotaja orodha ya barua pepe ilikotoka. Patchwork haitambui mradi kwa anwani ya mpokeaji. Inalinganisha kichwa hicho na listid uliyojaza kwenye mradi. Herufi moja ikipishana, barua inaachwa. Hifadhi barua moja kama faili, kisha ijaribu kwa mkono:

`python manage.py parsemail --list-id=<listid ya mradi> barua.eml`

Ikiingia hivyo, kosa liko kwenye listid. Isipoingia, angalia kama barua ni ya HTML tupu (diff, yaani mistari iliyobadilishwa, lazima iwe maandishi ya kawaida) au ina kichwa `X-Patchwork-Hint: ignore`. Hicho cha mwisho husahaulika sana.

Barua zilizopotea zirudishe kwa amri ya `parsearchive` na faili ya mbox (barua nyingi katika faili moja). Usiogope kurudia: barua ambayo Message-ID yake (kitambulisho chake) imekwisha kuingia hairudiwi.

nyaraka_kwanza: Kwa maelezo, endesha `reno new jina-fupi` (reno ni zana ya maelezo ya matoleo). Faili ya YAML inazaliwa ndani ya releasenotes/notes. Bakiza sehemu unazohitaji tu, zilizobaki futa. Ukigusa muundo wa hifadhidata, jaza sehemu ya `upgrade`, la sivyo mwenye seva atasasisha bila kuendesha `migrate` (amri ya kubadilisha hifadhidata) na kurasa zitamvunjikia. Kabla ya kutuma, endesha `tox -e docs` ili kujenga nyaraka. Nafasi za YAML zikikosewa, ujenzi unagoma.

mlinzi_wa_seva: Ilikuwa listid. Niliiandika pamoja na alama za < na >.