Mada: Nimerudisha SSD ya terabaiti 4 Marekani; VAT niliyolipa hapa naidai kwa fomu ipi?

Mpiga Picha, Leicester (Jumapili usiku)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za wikendi. Mwezi uliopita nilinunua SSD (diski ya kompyuta isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya NVMe, ile aina ya kasi kubwa, ya terabaiti 4 kwa muuzaji wa Marekani, kwa sababu yeye aliiuza paundi 262 na usafirishaji paundi 13, wakati hapa Uingereza diski hiyo hiyo ilikuwa paundi 318. Siku ya tano nilikuta kadi ya kampuni ya usafirishaji imesukumwa chini ya mlango, ikinitaka nilipe VAT paundi 55 na ada yao paundi 12 ndipo niletewe mzigo. Nililipa, na jumla ikafika paundi 342.

Hilo ningelimeza. Lakini nilipoichomeka na kufungua programu ya CrystalDiskInfo, diski niliyouziwa kama mpya ilionyesha kuwa imekwisha kuwashwa kwa saa 11,400 na kuandikiwa terabaiti 610. Muuzaji hakubisha, nilimrudishia diski naye akanirudishia paundi 275 zake. Zile 67 ndizo zinazoning'inia. Ofisi ya kampuni ya usafirishaji nimeipigia simu mara tatu, na kila mara napigwa danadana: wanasema wao walilipa tu kwa niaba yangu, na nikiwaomba namba ya hati ya forodha waliyoiwasilisha naambiwa nisubiri barua pepe, ambayo haijafika hadi leo. Swali langu ni moja. Je, kudai kodi hiyo najaza fomu ya BOR286 au C285, na bila namba hiyo ombi langu litapokelewa?

Mzee wa Slough

Marahaba mwanangu. Jaza BOR286. Mpwa wangu alitumiwa kamera kutoka Kanada, akatozwa kodi ambayo haikumstahili, akajaza BOR286 na fedha zake zikarudi. Nilimsaidia mwenyewe kuandika maelezo, kwa hiyo nazungumza jambo ninalolijua. Ambatisha kila karatasi uliyo nayo, hata bahasha.

Dada wa Reading

Shikamoo Mzee wangu, na uniwie radhi kukupinga mbele ya watu, lakini ushauri huo utampotezea kijana wiki nyingi. BOR286 ni ya vifurushi vilivyokuja kwa posta. Mzigo ulioletwa na kampuni binafsi ya usafirishaji unadaiwa kwa C285, awe mtu ametozwa zaidi ya alichostahili au amerudisha bidhaa. Kaka yetu hakutozwa zaidi, yeye alirudisha bidhaa. Tangu tarehe 1 Januari 2021, mzigo usiozidi paundi 135 hukatiwa VAT na muuzaji wakati wa kulipia, na unaozidi hapo hukatiwa unapoingia nchini, kwa asilimia 20 ya bei pamoja na usafirishaji. Asilimia 20 ya 275 ni 55, senti haijazidi. Ushuru wa forodha wenyewe ni sifuri, kwa kuwa vifaa vya kuhifadhia data vimo katika mkataba wa biashara ya teknolojia ya habari uliofikiwa katika Shirika la Biashara Duniani (WTO) mwaka 1996. Zile 12 ni ada ya kampuni kwa kazi yake, wala si kodi, kwa hiyo usitarajie serikali ikurudishie.

Kwa bidhaa iliyokataliwa kwa sababu ni mbovu au si ile iliyoagizwa ipo pia fomu nyingine, C&E1179, na utaratibu wake unataka uombe kabla hujairudisha bidhaa nje ya nchi. Je, wewe uliomba kabla?

Na jambo jingine, ambalo nalirudia kila mwaka hapa na kila mwaka watu wanalisahau: bei ya duka la Marekani huandikwa bila kodi, na bei ya duka la hapa huandikwa VAT ikiwa ndani. Ukitaka kulinganisha, zidisha ile ya Marekani, pamoja na usafirishaji, kwa 1.2 kwanza, kisha ongeza ada ya msafirishaji. Ile 318 uliyoikimbia ndiyo iliyokuwa bei rahisi.

Fundi wa Birmingham

Hamjambo nyote. Naona tumekwisha kuhesabu kodi ya diski ambayo hakuna aliyeuliza ni ya kazi gani. Kaka, unahitaji NVMe ya terabaiti 4 ya nini? Ikiwa ni ya kuhariri picha moja kwa moja kutoka kwenye diski, sawa. NVMe ya PCIe 4.0 husoma hadi megabaiti 7,000 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA, aina ya zamani zaidi, haivuki 550 au 560. Ikiwa ni ya kuhifadhi tu, unalipia kasi ambayo hutaitumia.

Angalia pia aina ya seli zake, yaani vijumba vidogo vinavyoshika data. TLC huweka biti tatu katika kila seli na QLC huweka nne, na ndiyo sababu QLC huwa rahisi zaidi kwa kila terabaiti. Kwa kusoma haina neno. Lakini ukiimwagia mamia ya gigabaiti kwa mkupuo, akiba yake ya haraka hujaa na kasi huporomoka, wakati mwingine hadi chini ya ile ya diski ngumu ya kawaida ya kuzunguka. Nimeshuhudia mteja akidhani kompyuta yake imeganda.

Mpiga Picha, Leicester

Asanteni. Dada, sikuomba kabla. Nilikwisha kuituma nikifikiri kurudisha ndiko kunakotangulia. Sasa je, kosa hilo linafunga mlango kabisa, au kuna pa kuanzia?

Fundi, kazi ni hii. Marehemu baba alikuwa na kibanda cha kurekodi harusi Tanga, na mwaka jana nilirudi na masanduku mawili ya kanda zake za VHS, kanda 140, nyingi za saa tatu. Zina harusi za watu, maulidi, ngoma za Chumbageni, na katika mojawapo mama yangu anapita nyuma ya bibi harusi amebeba sinia, ana umri unaopungua huu nilio nao leo. Baadhi ya kanda zimeanza kuota ukungu. Nataka kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Diski ngumu niliyokuwa nayo niliiangusha sakafuni na kazi ya miezi miwili ikapotea, ndiyo maana nataka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake.

Mama wa Coventry

Pole sana kwa baba, mwanangu, na pole kwa masaibu haya. Mimi nakusihi tu usije ukashawishika na zile za terabaiti 16 zinazouzwa paundi 28 mtandaoni, maana mimi nilipigwa changa la macho mchana kweupe. Niliinunua ili niweke video ya harusi ya binti yangu. Kompyuta iliionyesha kama terabaiti 16, nikanakili kila kitu kwa siku mbili nzima, na mafaili yote yakaonekana kwa majina yake. Kuyafungua, machache tu ndiyo yanacheza. Mengine ni weusi mtupu. Mwanangu wa kiume akalipasua lile kasha kwa kisu cha jikoni, na ndani tukakuta kibao kidogo na kadi ya kumbukumbu kama ya simu, imebandikwa kwa gundi. Sehemu iliyobaki ilikuwa tupu.

Fundi wa Birmingham

Mama, pole. Hizo zimechezewa programu ya ndani ili ziidanganye kompyuta kuhusu ukubwa, na kilichozidi nafasi halisi hupotea au huandikwa juu ya kilichotangulia. Diski yoyote mpya, hata ya duka la heshima, ijazwe kwanza na isomwe upya kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla ya kuwekewa kitu cha maana. Ila msiichanganye na jambo jingine: diski ya terabaiti 4 ikionyesha 3.63 kwenye Windows haijaibwa kitu. Kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Niliwahi kugombana na mtu humu kwa wiki nzima juu ya hilo na sitaki kurudia.

Sasa nikurudie, Kaka. Kanda 140 kwa saa tatu ni saa 420. Ukizirekodi kwa mfumo wa DV, kila saa hula gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo unahitaji karibu terabaiti 5.5. Hiyo diski unayoililia ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Mimi ningenunua SSD ya terabaiti 2 ya kufanyia kazi, na diski ngumu mbili kubwa za kuhifadhia, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu, kwani kwa kila terabaiti diski ngumu bado ni rahisi mno. Na usihangaike na wanaokutisha kwamba SSD huchakaa. Samsung 990 PRO ya terabaiti 4 ina dhamana ya kuandikiwa terabaiti 2,400. Ukiiandikia gigabaiti 200 kila wiki utahitaji zaidi ya miaka mia mbili.

Mzee wa Slough

Kuhusu BOR286 nimekubali kusahihishwa, ingawa namna ya kusahihishwa ingeweza kuwa ya upole zaidi.

Kijana amenikumbusha mbali. Watoto wa leo hawajui kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994. Katikati hapo video ndizo zilizokuwa televisheni yetu, na mtu mwenye deki alikuwa na wageni kila usiku. Serikali iliona televisheni ni anasa. Mimi nilibishana na watu juu ya sera hiyo wakati ule na niko tayari kubishana hadi leo. Hizo kanda, mwanangu, ndiyo kumbukumbu pekee ya miji yetu iliyorekodiwa na wenyewe. Ikifika SSD yako, nakili moja uipeleke Tanga ikae kabatini kwa wajukuu.

Fundi wa Birmingham

Mzee, kwa heshima zote, SSD isiwekwe kabatini. Chaji iliyomo kwenye seli huvuja polepole isipopata umeme, na joto huongeza kasi ya kuvuja. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, kwa diski za watumiaji wa kawaida, zikiwa zimekwisha kutumika hadi kikomo cha dhamana, ni kuhifadhi data kwa mwaka mmoja katika nyuzi joto 30. Iliyo mpya hudumu zaidi, lakini kabati la Tanga mwezi wa Februari si mahali pa kuijaribu. Peleka diski ngumu.

Dada wa Reading

Ikiwa ananunua SSD kwa vyovyote, basi anunue hapa, na alipe kwa kadi ya mkopo. Kitu kinachozidi paundi 100 kinalindwa na kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974, na benki huwajibika pamoja na muuzaji, isipokuwa pale anapoingia mtu wa kati. Ukinunua mtandaoni una siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, na kitu kibovu unaweza kukikataa ndani ya siku 30 ukarudishiwa fedha zote. Bei aziangalie kwenye tovuti zinazochora historia yake, si kwenye bango jekundu la punguzo, maana baadhi ya wauzaji hupandisha Oktoba ili washushe Novemba. Na yule aliyeandika hapa mwaka 2023 kwamba tusubiri kwa kuwa bei za SSD zitaendelea kushuka ajitokeze atueleze, kwa sababu mimi nilimsikiliza, na mwaka haukwisha kabla hazijaanza kupanda.

Mpiga Picha, Leicester (Alhamisi)

Ndugu zangu, nashukuru. Nimefuata ya Fundi kwa sehemu: nimenunua SSD ya TLC ya terabaiti 2 dukani hapa Leicester, diski ngumu mbili zinakuja Jumamosi, na H2testw imemaliza bila kosa. Kuhusu zile paundi 55, nimejaza C285 na C&E1179 zote mbili kwenye kompyuta na sijatuma hata moja, kwa sababu zote zinataka namba ya hati ya forodha, na kampuni imeniambia tena nisubiri barua pepe. Aliyewahi kuipata namba hiyo kwa njia nyingine anieleze.

Jambo la mwisho ni dogo. SSD yenyewe ni ya M.2, ile bapa inayochomekwa kwenye ubao wa kompyuta, na imekuja bila skrubu yake, na ile ya kwenye ubao wa kompyuta yangu haipo. Kwa sasa ncha yake moja imeinuka hewani, nami nimeibana kwa kipande cha selotepu. Kama kuna aliye karibu na Leicester mwenye skrubu hiyo ya ziada, nitamfuata mwenyewe baada ya kazi.