Seva ya barua inasema diski imejaa na nafasi ipo: niongeze diski, nifute au niweke kota?

Chungu_Tamu:
Wakuu salama? Nimekwama huku. Nina seva ya barua pepe, Postfix (inayopokea na kutuma) na Dovecot (inayotunza masanduku ya watu), barua zinakaa kwa mtindo wa Maildir. Tangu asubuhi haiingii hata moja, logi nzima ni "No space left on device", nikipiga df -h naambiwa diski imetumika 62% tu! Diski ya giga 100, sasa hizo 38 zilizobaki ni za nani? Bosi anataka jibu leo. Kichwani nina njia tatu, kuongeza diski, kufuta barua za zamani au kuwapangia watu kota (kikomo cha kila sanduku). Ipi ina unafuu?

kipepeo88:
Ongeza diski mkuu usijitese. Kama uko kwenye LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) ni lvextend -r, mfumo wa faili unatanuka na seva huzimi. Kufuta barua za watu ni kujitafutia kesi, mtu hajaigusa barua miaka mitano ila siku ukiifuta ndo anaikumbuka.

BibiSeva:
Kabla hela haijatoka piga df -i, sio df -h. Weka majibu hapa.

Chungu_Tamu:
Inodes 6553600, IUsed 6553600, IFree 0, IUse% 100%
Duh.

BibiSeva:
Ndo nilichohisi. Kila faili inakula inodi moja (kitambulisho chake kwenye diski), iwe na baiti kumi au giga kumi, na Maildir kila barua ni faili yake. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, idadi ya inodi inapangwa siku unaformati, kawaida moja kwa kila baiti 16384, ndo maana giga 100 imekupa hizo milioni sita na nusu. Una nafasi ya kuweka vitu ila vitambulisho vya kuvipa vimeisha, na kernel inatoa ujumbe uleule kwa hali zote mbili, hapo ndo wengi tunapotea.

Nyundo_ya_Mbao:
Mi ningepiga tune2fs -m 1, ext4 inamwekea root (msimamizi mkuu wa seva) akiba ya 5%, ukiipunguza unapumua

BibiSeva:
@Nyundo_ya_Mbao hiyo akiba ni ya bloku (nafasi yenyewe ya diski), inodi haiongezi hata moja.

MlinziWaFoleni:
Niongezee kidogo. Ingekuwa ni "452 4.3.1 Insufficient system storage" ningesema tofauti, hiyo Postfix huitoa pale nafasi kwenye foleni inapokuwa chini ya mara 1.5 ya message_size_limit, hapo kweli ni baiti. Na kama df inasema imejaa ila du haizioni hizo giga, piga lsof +L1, utakuta kuna logi ilifutwa na programu bado imeishikilia, ukiiwasha upya programu nafasi inarudi. Yalinikuta usiku wa manane nikafuta nusu ya bakapu zangu bure, hata sipendi kukumbuka.

kipepeo88:
Sawa nimeelewa ila bado sijakosea, ext4 ukiitanua inodi nazo zinaongezeka kwa uwiano uleule 😀

BibiSeva:
Kweli zinaongezeka, ila utakuwa unanunua giga usizozihitaji ili upate inodi. Kwanza mjue mlaji. Chungu_Tamu piga du --inodes kwenye folda ya barua, panga kwa sort -n, uone nani yuko mwisho.

Chungu_Tamu:
Jamani nacheka na kulia. Sanduku la root lina faili milioni 4.2!! Kuna skripti nne za kukagua seva zinazunguka kila dakika kwenye cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) na kila moja inatuma barua "OK". Zina miaka miwili. Nimepiga rm * ikanijibu "Argument list too long"

MlinziWaFoleni:
Hahaha, root hasomi barua zake. Tumia find na -delete, itachukua muda wake iache iende. Kwa masanduku ya watu usipite na rm, tumia doveadm expunge ili faharasa za Dovecot (orodha zake za barua) zisichanganyikiwe, ila anza kwa kufuta logi chache zilizozungushwa, maana Dovecot ikikosa hata inodi moja haiwezi kuunda faili zake za muda.

Nyundo_ya_Mbao:
na kuhamia mdbox, mtindo mwingine wa Dovecot wa kuweka barua, vipi? naona wanaisifia

MlinziWaFoleni:
Inafungasha barua nyingi kwenye faili moja, inodi zinapungua sana. Ila ukifuta barua nafasi hairudi mpaka upige doveadm purge, na alama za kusomwa zinakaa kwenye faharasa peke yake, ikiharibika zimekwenda. Maildir hata ikivurugika unaingia kwa ls unajionea, mi ndo maana sijahama. XFS, mfumo mwingine wa faili, nayo inatengeneza inodi kadiri zinavyohitajika, ila hapo ni kuformati upya.

BibiSeva:
Kota nayo usiitupe, Dovecot inakubali kikomo cha idadi ya barua sio ukubwa tu. Kwako cha kwanza ni hiyo cron.

Chungu_Tamu:
Mrejesho: nimeweka MAILTO="" kwenye crontab (faili ya ratiba za cron) ili isitume tena barua, find imemaliza, df -i sasa ni 36%. Barua zilizokuwa zinasubiri huko kwa watumaji zimeanza kumiminika. Diski sinunui, kota ya idadi naweka wiki hii, na folda ya Trash nimeiwekea autoexpunge (kujifuta zenyewe) ya siku 30. Bosi kauliza tatizo lilikuwa nini, nimemwambia seva ilikuwa inajiandikia barua. Haniamini.