Pikapu za umeme: ipi dereva wa Tanga ataiendesha bila kukodolea macho skrini?

MamaZuena_Chumbageni

Wakuu, habari za mchana. Nina pikapu ya dizeli inayobeba samaki wangu kutoka Pangani na Deep Sea kupeleka Muheza na Korogwe, na msimu wa machungwa ukifika nayo inageuziwa kazi. Imechoka. Sasa nafikiria umeme. Habari za chaji na bei tumeshazimaliza kwenye uzi mwingine, naomba tusizirudie hapa.

Hapa nataka tuingie ndani ya kabini. Nimekesha na video na ninachoona ni kampuni kushindana nani ana kioo cha skrini kikubwa kuliko mwenzake. Mimi gari siliendeshi. Anaendesha Mzee wangu, mtu mzima, anashuka Deep Sea kupakia mwenyewe na anarudi kwenye usukani mikono ikiwa bado na maji ya barafu. Nilizoziweka mezani ni Isuzu D-Max ya umeme, Hilux ya umeme na BYD Shark 6 ya Kichina. Kwa tamaa ya macho tu nimeongeza Ford F-150 Lightning, Rivian R1T na Cybertruck. Upande wa swichi, gia na vitufe, ipi ni ya kazi?

Kange_Stendi

Cybertruck kwenda kuchukua samaki Pangani! Dada, pesa unazo, sisi tuache tuangalie.

Mtanga_Houston

Dada MamaZuena, salamu kutoka ugenini. Nianze na hizo za tamaa ya macho ili zitoke mezani. Zote tatu usukani uko kushoto, hakuna ya kulia. Barabara ya Segera, umekaa kushoto nyuma ya semitrela, ili uone mbele inabidi utoe nusu ya gari. Hapo tu zimeshakufa.

Lakini zina mafunzo. Kazini kwetu tuna Lightning, ziko za aina mbili. Za bei ya chini, Pro na XLT, zina skrini ya inchi 12 iliyolala, na chini yake vitufe vya kweli vya kiyoyozi. Za bei ya juu, Lariat na Platinum, zina skrini ya inchi 15.5 iliyosimama, na kiyoyozi kimehamia humo humo ndani ya kioo. Ila Ford waliacha kirungu kimoja cha kuzungusha, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, wamekigandisha juu ya kioo chenyewe kwa ajili ya sauti. Hicho kirungu ndicho kila mtu anakishika. Mafundi wetu wakipewa kuchagua wanachukua Pro, wala hawajali kwamba ndiyo ya bei rahisi. Kuna matoleo ambayo mkono wa gia unalala chini, unafunua meza ya kuandikia risiti au kulia chakula. Huo ni ubunifu wa mtu aliyewahi kufanya kazi ndani ya gari.

Rivian ni nzuri kwa macho, mbao na kila kitu, na kwenye mlango wa dereva kuna tochi imechomekwa. Lakini kugeuza upepo wa AC utoke usoni uende kifuani lazima uingie kwenye skrini. Upepo! Kitu ambacho Corolla ya zamani unakisukuma kwa kidole kimoja.

Cybertruck ndiyo imemaliza kabisa. Hakuna mkono wa indiketa, ni vitufe juu ya usukani. Gia unaburuta kidole pembeni mwa skrini ya inchi 18.5, za akiba ziko juu darini. Mbele ya usukani hakuna dashibodi, spidi unaitafuta katikati ya gari. Usukani wenyewe haufiki mzunguko mmoja kamili toka mwisho hadi mwisho, kwa sababu hauna chuma kinachouunganisha na matairi, ni waya na mota tu. Kugeuza sehemu finyu ni raha, hilo nakiri. Sasa fikiria kitufe cha indiketa kiko juu ya kitu kinachozunguka, uko katikati ya kona, unakitafuta upande gani?

Fundi_Ngamiani

Naongezea la mikono yenye maji, maana wengi hawalijui. Skrini za magari karibu zote sasa zinasoma umeme mdogo unaovutwa na kidole. Maji nayo yanapitisha umeme, na ya chumvi ndiyo zaidi. Tone likidondoka kwenye kioo, kioo hakijui kama ni tone au ni kidole. Kinaruka menyu chenyewe, au kinagoma kabisa. Glavu ya pamba ndiyo kinyume chake, kidole hakionekani. Kwa hiyo kwa mtu wa samaki hili la kioo si la mazoea kwamba Mzee atazoea wiki mbili. Ni maumbile ya kioo.

Swichi ya kubonyeza nayo ina adui yake, chumvi na vumbi. Nimefungua swichi za vioo vya milango za magari ya pwani hapa, ndani kijani tupu. Lakini swichi moja ikifa umepoteza kioo kimoja. Skrini ikifa kwenye gari lililoweka kila kitu humo, umepoteza AC, redio na kamera ya nyuma kwa mpigo mmoja.

Dereva_Mombo

Mimi napanda Lushoto na mzigo, nawaambia kinachotakiwa dereva akiwa kwenye zile kona. Kwanza hazadi, zile taa za dharura. Iwe kitufe chekundu, peke yake, mahali mkono unafika bila macho. Pili kirungu cha AC na cha kupuliza kioo cha mbele, maana ukifika juu ukungu unakula kioo ghafla, na huo si muda wa kutafuta menyu.

Tatu, kwa hizi za umeme, kiwango cha gari kujizuia lenyewe unapoachia mafuta (nitaendelea kusema mafuta, mtanisamehe). Kushuka Soni kuja Mombo mota ndiyo inafanya kazi ya gia namba mbili, inarudisha chaji na breki hazipati moto. Nataka niongeze au nipunguze kwa kidole palepale kwenye usukani au kwenye mkono wa gia. Gari likinitaka niingie kwenye mipangilio ya skrini kubadilisha hilo nikiwa kwenye mteremko, silitaki hata la bure. Na ujue betri ikiwa imejaa pomoni hakuna pa kurudisha huo umeme, mzuio unapungua, unabaki na breki zako. Kwa hiyo usichaji hadi mia halafu uanzie safari juu mlimani.

Nne ndiyo watu wanaisahau: indiketa iko mkono gani? Magari yetu ya Kijapani iko kulia, waipa kushoto. Magari mengi yaliyofuata mtindo wa Ulaya ni kinyume. Dereva aliyezoea miaka ishirini, kona ikija anawasha waipa jua linawaka, na aliye nyuma hana habari kwamba unakunja. D-Max na Hilux za usukani wa kulia hazina tatizo hilo. Za Kichina uliza moja moja kabla hujatuma hela.

Dogo_Raskazone

Wazee mnaogopa skrini bure. Shark 6 ina skrini ya inchi 12.8 inayozunguka, unailaza au unaisimamisha, mbele ya dereva kuna nyingine ya inchi 10.25, na namba za spidi zinarushwa kwenye kioo cha mbele. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya macho yabaki barabarani, hakuna kirungu kitakachokupa hiyo. Kamera zake ukirudi rivasi sokoni unaona mpaka kapu la nyanya. Na mengine unaliamuru gari kwa sauti.

Kange_Stendi

Kwa sauti? Lisikie kwanza lafudhi ya Kidigo.

Mtanga_Houston

Dogo, kamera nakubaliana na wewe, skrini kubwa kwa rivasi haina mpinzani. Ila Shark si ya umeme mtupu. Ina injini ya petroli ya lita 1.5 na betri ya kWh 29.58 (kWh ni uniti zile zile za Luku). Dada akilijua hilo, sawa, pengine ndilo linalomfaa kwa safari za Korogwe. Asije tu akadhani ameagana na sheli.

Mwalimu_Bombo

Naomba niweke takwimu kidogo. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima jambo hili hili. Madereva walipewa muda wa kulizoea gari, kisha wakiwa kwenye spidi 110 wakaambiwa wafanye kazi nne ndogo, kama kuwasha joto la siti na kubadilisha stesheni ya redio. Volvo V70 ya 2005, ya vitufe vitupu, ilimaliza zote kwa sekunde 10. MG Marvel R ya skrini ilichukua sekunde 44.9, na kwa muda huo gari lilikuwa limeshakwenda mita 1,372. Hiyo ni zaidi ya kilomita moja macho yakiwa yanakwenda na kurudi.

Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaogonganisha magari na kuyapa nyota, kuanzia 2026 wanatoa alama kwa gari lenye vidhibiti vya kushika kwa indiketa, hazadi, honi, waipa na wito wa dharura. Asiyekuwa navyo nyota tano zinamuwia ngumu. Kwa hiyo vitufe vinarudi. Na Marekani kuna Slate, pikapu ya umeme iliyotangazwa Aprili 2025, haina skrini ya katikati kabisa, unaweka simu yako, na vioo vya milango unavinyonga kwa mkono.

Kange_Stendi

Hiyo Slate ndiyo Tanga sasa. Nasubiri ya usukani wa kulia.

Hamza_Bangkok

Mama mdogo, shikamoo. Ni mimi niliyekutia fitina yote hii ya umeme.

D-Max ya umeme ilionyeshwa hapa Bangkok Machi 2024, nimekaa ndani yake. Mtu aliyetoka kwenye D-Max ya dizeli hatapotea, kabini ni ile ile kwa sehemu kubwa. Betri kWh 66.9, inabeba tani moja, inavuta tela la tani 3.5. Kwa vipimo vya Ulaya inakwenda kilomita 263, ukibeba barafu na samaki hesabu pungufu ya hapo. Hilux ya umeme imezinduliwa hapa hapa Novemba 2025, betri yake ni ndogo kuliko ya D-Max, kWh 59.2, na kabini mpya iliyojaa skrini kuliko Hilux unayoijua.

Shark nayo ina jambo lako moja, soketi kwenye bodi nyuma. Unaweza kuchomeka friza ya samaki. Ila kiwango cha chaji ambacho soketi isikiguse, kibaki kwa safari, unakipanga kwenye skrini, hivyo hiyo kazi ifanyike gari limesimama na mikono mikavu.

MamaZuena_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Wote asanteni. Nimekaa na Mzee nikamsomea uzi wote, kacheka sana pale kwenye lafudhi. Anasema hivi, naandika kama alivyosema: "Mimi nataka kirungu cha redio. Nikipita msibani au adhana ikianza nashusha sauti pale pale, sitaki kufika mbele ya turubai la msiba napapasa kioo huku taarabu inalia." Halafu akauliza kama swichi ya kioo cha mlango wake inashusha kwa mbonyezo mmoja, kwa ajili ya trafiki. Skrini hakuuliza hata inchi.

Kwa hiyo Shark naiweka pembeni kidogo japo ile soketi inaniuma. D-Max ndiyo inaongoza.

Dereva_Mombo

Mzee huyo anajua kazi. Mwambie Hamza arudi ndani ya D-Max afumbe macho, atafute hazadi, kirungu cha sauti, AC na honi kwa kupapasa. Na amwulize muuzaji ule mzuio wa mota unaongezwa wapi. Akijibiwa "kwenye menyu", tupa jina lake.

Hamza_Bangkok

Jumamosi naenda. Nitachukua kitambaa nikilowanishe, nitashika kila kitu kwa mkono wenye maji, nirekodi. Mama mdogo, niambie tu Mzee ana urefu gani, nipime na siti ikiwa mbele.

MamaZuena_Chumbageni

Mfupi. Lete siti mbele mpaka mwisho.